Nzito Kiasi Gani?

"Hii mashine imekuwa nzito mpaka wateja wananihama."

"Pole sana. Nzito wapi, mama? Ikiwa inawaka, ukifungua kazi, au ukihamisha mafaili?"

Mama mwenye duka la steshenari anafikiri kidogo. Hajawahi kuulizwa hivyo. "Kila mahali," anajibu. "Lakini asubuhi ndiyo balaa. Naiwasha, nafagia duka, napanga karatasi, ndiyo inakuja."

"Sawa. Tuanze na asubuhi."

Kwa swali hilo moja unaweza kumjua fundi wa kompyuta kabla hajashika bisibisi. Katikati ya jiji la Mwanza, kuanzia Rwagasore mpaka vichochoro vya Makoroboi, ambako mafundi wa zamani waligeuza makopo kuwa koroboi, mafundi wa kompyuta ni wengi, na wengi wao wana jibu moja lililokwisha andaliwa: "Diski imechoka, tubadilishe." Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Ndiyo maana linakera, kwa kuwa limepatikana bila kutafutwa, na siku likikosea hakuna atakayejua. Wachache hupima kwanza. Hao ndio ninaopenda kuwatazama wakifanya kazi, maana kuipima diski ngumu, ile ya sahani zinazozunguka, kunataka mkono, sikio na hesabu kwa pamoja, tena kunataka mtu asiyeharakishwa na foleni.

Ndani ya kasha la diski mna sahani moja au zaidi, za alumini au za kioo, zilizopakwa utando wa sumaku. Za kompyuta ya mezani kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, za kompyuta mpakato mara 5,400. Kila uso wa sahani una kichwa chake cha kusoma na kuandika, kimebebwa kwenye ncha ya mkono mwembamba, na kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayoburutwa na mzunguko, kwa kimo cha nanometa chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa.

Kwa sababu ya hewa hiyo, mwinuko wa Mwanza nao una neno lake katika jambo hili. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 87 ya lile la Dar es Salaam. Diski ya kawaida imeundwa ivumilie hadi mita 3,000 hivi, kwa hiyo hatuna cha kuogopa, ila ina sharti: tundu dogo lililo kwenye kifuniko chake libaki wazi, kwani ndilo linalosawazisha hewa ya ndani na ya nje kupitia kichujio. Watengenezaji huandika onyo kando yake kwamba lisizibwe. Nimewahi kuona stika ya bei imebandikwa palepale, juu ya onyo. Diski kubwa zilizojazwa gesi ya heli, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, hazina tundu hilo, lakini kwa meza za mafundi wetu hizo bado ni wageni.

Sasa kuwaka. Kuna kuwaka kwa mashine na kuna kuwaka kwa diski yenyewe, na fundi asiyeyatenganisha mambo hayo mawili atazunguka siku nzima. Umeme ukiingia kwenye diski, mota husukuma sahani kutoka kusimama hadi kasi kamili. Saketi husubiri kasi itulie. Mkono huteremka kutoka maegesho yake ya pembeni, kichwa hutafuta alama za kujiongoza zilizoandikwa kwenye sahani tangu kiwandani, kisha diski husoma sehemu ya programu yake yenyewe, ambayo nayo imehifadhiwa humohumo kwenye sahani. Baada ya hayo yote ndipo huitikia kwamba iko tayari. Kwa diski ya kompyuta mpakato ni sekunde 3 hadi 5 hivi. Ya mezani huhitaji kama 10, na zile kubwa zenye sahani nyingi huweza kupita 20.

Muda huo una njia mbili za kupimwa, na fundi mzuri hutumia zote. Ya kwanza ni sikio. Mlio wa mota hupanda, hutulia, halafu husikika mguso mdogo wa mkono ukiondoka maegeshoni. Ya pili ni ampea. Wakati wa kuanza, diski ya mezani hunywa kama ampea 2 kwenye waya wa volti 12, kisha ikishika kasi matumizi hushuka chini ya nusu ampea. Ukiwa na mita ya mkondo unaziona hatua zake bila kufungua kitu: mkondo unapanda, unakaa, unaporomoka. Ukipanda na kugoma kushuka, sahani hazijafikia kasi, pengine beringi imekaza au kichwa kimenata kwenye sahani. Ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, diski imejaribu ikashindwa na inajaribu upya. Mambo haya diski huyaandika pia katika daftari lake la afya liitwalo SMART: kipengele cha 3 kinahusu muda wa kushika kasi, cha 10 kinahesabu majaribio ya kurudia. Kipengele cha 3 kisomwe kwa tahadhari. Kampuni moja huandika pale milisekunde zinazoeleweka, nyingine huacha sifuri miaka yote, nyingine hufumba namba mbili ndani ya moja. Anayelinganisha diski za kampuni mbili kwa kipengele hicho analinganisha lugha mbili asizozijua.

Elimu ya ampea ndiyo iliyookoa diski nyingi za nje zilizokwisha hukumiwa. Mpiga video wa harusi na send-off analeta diski yake: ukiichomeka inalia tik, tik, tik, haionekani kwenye skrini. Ameambiwa imekufa. Lakini mlango wa USB 2.0 umeahidi nusu ampea tu, na wa USB 3.0 umeahidi ampea 0.9, ilhali diski ndogo ikiwa inaanza inaweza kutaka karibu ampea nzima. Mota inaanza, volti zinazama, diski inajizima, inaanza tena. Fundi anachomeka kipimo kidogo cha USB katikati, anasoma namba, anabadilisha kebo iliyochoka au anatumia ile yenye vichwa viwili inayochukua umeme milango miwili. Diski inaamka. Hakuna kilichotengenezwa, ila kimepimwa.

Wenye seva huijua hesabu hiyo kwa ukubwa wake. Diski 10 zikianza kwa pamoja zinataka ampea 20 za volti 12, yaani wati 240 kwa sekunde chache, kabla kichakataji hakijala hata kidogo. Kwa hiyo huamshwa kwa zamu.

Turudi kwa kuwaka kwa mashine nzima, anakolalamikia mwenye duka. Stopwochi ya simu inatosha kabisa, na sioni aibu yoyote katika kuitumia. Ugumu uko katika kuamua saa isimamishwe wapi. Watu wengi huisimamisha skrini ya mwanzo inapotokea. Hapo mashine bado haifai kitu: unabofya, kidude kinazunguka, taa ya diski inawaka bila kupumzika. Fundi ninayemheshimu anaweka faili moja la Word juu ya skrini, faili lilelile kila mara, na saa yake husimama pale faili hilo linapofunguka na kukubali herufi ya kwanza. Katikati anaandika vituo: nembo ya kampuni ilipotoweka, Windows ilipoanza, skrini ilipotokea. Muda kabla ya Windows kuanza ni wa ubao mama na wa diski kushika kasi, na ukiwa mrefu hapo, kusafisha programu hakutasaidia lolote. Muda kati ya skrini kutokea na faili kufunguka ni wa programu zinazojiwasha zenyewe, zikigombania kichwa kimoja cha diski.

Kuna mtego hapa uliowanasa wengi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta hakumaanishi kuizima yote. Kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski na kuamshwa siku ya pili, ili mashine ionekane imewaka haraka. Ukitaka kupima kuwaka kwa kweli, chagua kuwasha upya, ambako mfumo hujengwa kutoka mwanzo. Fundi asiyejua hilo hupima leo kwa kuzima, kesho kwa kuwasha upya, kisha husema dawa yake imeongeza tatizo. Windows yenyewe huweka hesabu: katika daftari lake la utendaji kila kuwaka kunaweza kurekodiwa kama tukio namba 100, kwa milisekunde, likiwa limegawanywa kabla na baada ya skrini kutokea. Kwenye Linux amri ya systemd-analyze hutoa mgawanyo wa namna hiyo: ubao mama, kipakizi, kiini, na programu za juu. Mwaka 2008 Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel walionesha kompyuta ndogo ya Eee PC ikiwaka kwa sekunde 5. Ninachokipenda katika kazi yao ni utaratibu. Hawakuuliza wapunguze nini. Walitenga sekunde mapema, kiini sekunde 1, maandalizi sekunde 1, michoro sekunde 1, eneo la kazi sekunde 2, halafu kila sehemu ikalazimika kuishi ndani ya fungu lake. Kompyuta ile, ni haki kusema, haikuwa na sahani inayozunguka.

Na kwa nini sahani ichelewe hivyo? Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 8.33. Kichwa kikifika kwenye njia yake, data unayotaka inaweza kuwa imepita sasa hivi au iko karibu kufika, kwa hiyo kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko, milisekunde 4.17. Kwa mizunguko 5,400 nusu hiyo ni milisekunde 5.56. Ongeza muda wa mkono kusogea, ambao kwa diski ya kompyuta mpakato ni milisekunde 12 hivi. Jumla ni milisekunde 17.5 kwa kila ombi, na katika sekunde moja unapata maombi kama 57. Kama kila ombi ni kipande kidogo cha kilobaiti 4, kama ilivyo kwa mafaili mengi ya mfumo, diski hiyo inakupa kilobaiti 228 kwa sekunde. Diski ileile, ukiipa faili moja kubwa la video lililolala mfululizo, inaweza kukupa megabaiti 100 kwa sekunde. Ni tofauti inayozidi mara 400 ndani ya diski moja, siku moja, bila ubovu wowote.

Mwanza tunaijua tofauti hiyo. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, kivuko kilibeba malori na mabasi kwa mkupuo, na ukipima tani zilizovuka kwa siku ungekisifu. Lakini aliyekuwa na bahasha moja ya kupeleka Sengerema alisubiri zamu sawa na mwenye lori. Diski ya sahani huishi kwa masharti hayo. Kuwaka kwa Windows ni bahasha peke yake, bila lori. Tuseme mashine inahitaji maombi 5,000 yaliyotawanyika ili iwake: zidisha kwa milisekunde 17.5, unapata sekunde 87.5. Ndio muda wa kufagia duka.

Kwa hiyo namba moja inayodai kueleza kasi ya diski haielezi kitu. Windows 7 ilikuwa na kipimo chake cha alama hadi 7.9, na diski za sahani, nzuri kwa mbovu, zilirundikana karibu na 5.9, kwa kuwa juu ya hapo hazikuruhusiwa kupanda. Sijui alama hiyo ilimsaidia nani isipokuwa muuzaji.

Wapimaji hutumia programu zinazotenganisha mambo. CrystalDiskMark ina mstari wa kusoma mfululizo na mistari ya vipande vya kilobaiti 4, na fundi huanza kutazama mistari ya chini, ile ambayo mteja huiruka. Kwenye Linux kuna hdparm ya Mark Lord, yenye vipimo viwili vinavyotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Kwa T kubwa unapima kasi ya kumbukumbu ya ramu, kwa t ndogo unapima diski. Wapo waliotangaza diski ya mtumba ya maelfu ya megabaiti kwa sekunde kwa sababu walibonyeza herufi kubwa. Mtego ni uleule kwa namna nyingi: ukisoma faili mara ya pili, mfumo hukupa nakala iliyobaki kwenye ramu, na diski haijaguswa. Ndiyo maana faili la majaribio huwa kubwa kuliko ramu, au kumbukumbu hiyo hufutwa kabla ya kila kipimo, na mara ya kwanza baada ya kuwasha haichanganywi na zinazofuata.

Lakini uzuri wa kazi hii uko kwenye mchoro. Programu kama HD Tune husoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kuchora kasi yake. Mstari wa diski nzima huanza juu na kuteremka kwa ngazi ndogondogo, kwa sababu njia za ukingoni ni ndefu na zimebeba sekta nyingi kuliko za karibu na kitovu, huku mzunguko ukiwa uleule. Diski inayoanza na megabaiti 190 kwa sekunde inaweza kumaliza na 90, nayo ni nzima kabisa. Fundi akiona mteremko huo hushusha pumzi. Akiona mbonyeo mkali mahali pamoja, hurudia kipimo: mbonyeo ukihama, ilikuwa programu nyingine inaingilia, ukibaki palepale, kuna jambo kwenye sahani. Mstari ulionyooka kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho, ambao mgeni angeusifu, ndio unaomfanya akunje uso. Diski ya sahani haiwezi kunyooka. Kuna kitu mbele yake kinachoibana, mara nyingi mlango wa USB 2.0 unaogotea kwenye megabaiti 30 hadi 40, na anachokiona ni kasi ya mlango.

Ikiwa mbonyeo haukuhama, zamu ya Victoria imefika. Programu hiyo iliandikwa na Sergei Kazansky wa Belarusi, na imejipatia makao kwenye meza za mafundi wa huku ziwani, wanaoitaja jina lake bila kutabasamu tena. Husoma diski kipande kwa kipande na kuweka kila kipande kwenye kapu lake kulingana na muda wa kujibu. Katika matoleo yaliyozoeleka makapu ni ya milisekunde 5, 20, 50, 200, 600, na zaidi ya hapo. Vya haraka ni vya kijivu, kisha kijani, chungwa, nyekundu. Kipande cha kijani hakijafa: diski imekisoma, ikakosea, ikarudia mzunguko baada ya mzunguko hadi ikapata. Milisekunde 200 kwa diski ya mizunguko 5,400 ni mizunguko 18 ya kujaribu. Mteja haoni kosa lolote, anaona uzito tu. Vipande vya chungwa vikijipanga kwa vipindi vinavyojirudia, fundi hushuku kichwa kimoja kati ya vichwa kadhaa. Vikiwa vimerundikana mahali pamoja, hushuku mkwaruzo au sehemu iliyopigwa. Diski yenye dalili hizo haisafishwi wala haipimwi tena kwa mbwembwe, maana kila kipimo kinaichosha. Kinachofuata ni kunakili data kwanza, na hapo nimeona mafundi wazuri wakiwa wakali hata kwa watu waliowazidi umri.

Meza nayo hupimwa, kwa namna fulani. Mkesha wa mwaka mpya wa 2009 ilisambaa video ya Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, akizipigia kelele diski za seva kwa mdomo wake. Grafu ilionesha wazi ucheleweshaji ukiruka kila alipopaza sauti, kwa kuwa mtikisiko ulivipotezea vichwa njia zake. Sasa fikiria duka lililo ukuta mmoja na muuza miziki, jenereta iko mlangoni, boda zinanguruma. Diski iliyotolewa kwenye kasha na kulazwa juu ya kabati la kioo itapimwa pamoja na mtaa mzima. Fundi ninayemsimulia huifunga kwa skrubu kwenye kipande kizito cha chuma, na vipimo anavyoviamini ni vya asubuhi mapema.

Sauti hutumika pia kama ushahidi. Mizunguko 7,200 kwa dakika hutoa mvumo wa hezi 120, na 5,400 wa hezi 90. Mwaka 2020 wanunuzi wa baadhi ya diski za Western Digital zilizoandikwa kuwa za daraja la 5,400 walirekodi mvumo wake wakakuta 120. Kampuni ilieleza kwamba neno daraja lilihusu utendaji, halikuwa hesabu ya mizunguko. Maikrofoni ya simu na programu ya kuchora masafa vilitosha kuibua mjadala huo. Mimi huona ni mojawapo ya vipimo safi kuliko vyote, kwa sababu hakikuiuliza diski chochote.

Kompyuta nyingi zinazofika hapa ni za mtumba. Zimefanya kazi kwanza katika ofisi za mbali. Muuzaji husema ilitumika kidogo. Fundi husoma daftari la SMART kama anavyosoma cheti cha kliniki: kipengele cha 9 ni saa za kufanya kazi, cha 12 ni mara ngapi imewashwa. Saa 21,000 na kuwashwa mara 300 ni wastani wa saa 70 kwa kila kuwashwa. Hiyo ilikuwa kwenye seva au kwenye kamera za ulinzi, haikulala. Saa 4,000 na kuwashwa mara 9,000 ni mashine iliyozimwa na kuwashwa ovyo, ama na mtu au na umeme. Kipengele cha 192 kinaamua kati ya hao wawili, kwa kuwa kinahesabu mara ambazo kichwa kilirudishwa maegeshoni kwa dharura umeme ulipokatika. Na namna kinavyorudishwa inanistaajabisha kila nikiifikiria. Umeme ukishapotea, sahani bado zinazunguka kwa msukumo wao, mota inageuka jenereta, na umeme huo mdogo wa mwisho ndio unaoubeba mkono kwenda mahali salama. Diski za maeneo yenye umeme wa kusuasua hufanya hivyo mara nyingi katika maisha yake, na diski nzima haipotezi kichwa.

Diski ya kwanza kabisa, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, ilibeba herufi milioni 5 na ilihitaji kama milisekunde 600 kufikia data. Leo ziko diski za terabaiti 20, mara milioni kadhaa kwa ujazo, ilhali muda wa kufikia data umepungua mara 50 hivi. Mkono ni mkono; una uzito. Diski ya SSD, isiyo na sahani, haina mkono, ombi lake dogo hujibiwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika moja na nusu huwaka kabla hujakaa vizuri. Mafundi wanaopima wanajua hilo kuliko wale wa jibu moja, na wao pia huishia kupendekeza SSD mara nyingi. Lakini hukabidhi karatasi yenye safu mbili, kabla na baada, kwa faili lilelile la Word.

SSD nayo imeleta ujanja wake. Nyingi za bei nafuu huandika haraka kwenye eneo dogo la mbele, na eneo hilo likijaa kasi huporomoka. Kipimo cha gigabaiti moja hakiwezi kuliona, cha gigabaiti 50 kinaliona. Halafu kuna flashi za bandia, zilizoandikwa terabaiti 1 na ndani zina sehemu ndogo tu ya ujazo huo. Dawa yake ni programu ya h2testw iliyotoka jarida la c't la Ujerumani: inaijaza flashi yote kwa data inayojulikana, kisha inaisoma yote tena. Kwa flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, kuijaza terabaiti moja ni karibu saa 28, na kusoma ni juu ya hapo. Hakuna njia ya mkato inayoaminika. Vijana wengi wanaozileta hawawezi kusubiri, wana safari ya Ukerewe na meli haiwangoji. Fundi huwarudishia flashi na pesa yao. Karatasi ya "imepimwa" haandiki.